Kichwa cha Koliflawa Huamuliwa Kitaluni

Malalamiko juu ya koliflawa hufanana karibu kila bustani. Mche ulishika vizuri, ukamwagiliwa, ukawekewa mbolea, kisha katikati ya majani machache kikatokea kichwa cheupe kisichozidi kifungo cha koti, kikafumuka, kikachanua maua ya njano, mambo yakaishia hapo. Mwenye bustani hulaumu mbegu, au udongo, au jua la wiki ile. Lakini mara nyingi kosa lilikwisha kufanyika wiki tano au sita nyuma, mche ukiwa bado kitaluni au siku chache tu baada ya kuhamishwa. Ukilielewa jambo hili, uchaguzi wa mbegu, mwezi wa kusia, umri wa mche, maji na mbolea vyote vitakuwa na sababu unayoiona, na utajua ni wapi pa kutia bidii na ni wapi unaweza kupumua.

Sababu yenyewe imo katika maumbile ya mmea. Koliflawa, kabichi, brokoli na sukuma wiki zote ni spishi moja, Brassica oleracea, na ndiyo maana wengi huitunza koliflawa kama wanavyotunza sukuma. Kumbe tunachokula si kitu kimoja. Kwenye sukuma tunakula jani, na jani likidumaa wiki hii kwa kiu, wiki ijayo mvua ikinyesha litatoka jingine. Kwenye koliflawa tunakula ncha ya shina iliyojikusanya kuwa fungu la machipukizi ya maua. Mmea huanza na utoto wake wa kutoa majani tu. Ukishafikisha idadi fulani ya majani, ambayo kwa aina nyingi za mapema ni kati ya 12 na 20, ubaridi wa kiasi chake huiambia ncha igeuke kuwa kichwa. Kuanzia hapo ncha haitoi jani jipya tena. Majani yaliyopo siku hiyo ndiyo yatakayokilisha kichwa hadi kuvuna, basi. Mche ulioteseka utotoni hufunga kichwa ukiwa na majani machache na membamba, na mbolea utakayoumwagia baadaye haiwezi kuongeza majani ambayo ncha imeacha kuyatoa. Unaweza kulithibitisha hili bila chombo chochote: ung'oe mmea wenye kichwa cha kifungo, hesabu majani yake pamoja na makovu ya yale yaliyodondoka, kisha linganisha na mmea mzuri wa tuta hilohilo. Mara nyingi utakuta pia shina la mmea uliodumaa ni jembamba kama penseli, gumu, lenye rangi ya zambarau karibu na ardhi, na mizizi yake bado imejiviringisha kwa umbo la tundu la trei ulimotoka.

Mbegu ichaguliwe kwa joto la mahali ulipo

Watu wa mwambao huambiwa kwamba hii ni mboga ya Lushoto na Limuru, wasijisumbue. Jibu la hoja hiyo liko India. Mbegu za koliflawa zilifika huko kutoka Uingereza mwaka 1822, na kwa vizazi kadhaa wakulima waliendelea kutunza mbegu za mimea iliyofunga kichwa kwenye joto, hadi zikapatikana aina za kitropiki zinazofunga kichwa kwenye wastani wa nyuzi 20 hadi 27 za Selsiasi. Aina za zamani za Ulaya, zile za kundi la Snowball, hutaka nyuzi 10 hadi 16. Katikati yao kuna aina zinazopendelea nyuzi 16 hadi 20. Sasa tazama hali ya hewa ya kwetu. Dar es Salaam mwezi wa Februari wastani wa mchana na usiku ni karibu nyuzi 28, na hapo hata aina ya kitropiki huhangaika. Lakini wakati wa kipupwe, Julai, usiku hushuka hadi nyuzi 19 hivi na mchana hupanda hadi 29, yaani wastani wa nyuzi 24. Hilo ni joto linalofaa kabisa kwa aina za kitropiki. Kwa hiyo mwambao unaweza, ila una dirisha moja kwa mwaka: Julai na Agosti mmea uwe unafunga kichwa. Ukihesabu kurudi nyuma, mbegu ipandwe kitaluni katikati ya Aprili, miche ihamishwe katikati au mwishoni mwa Mei. Ugumu ni kwamba hapo ni katikati ya masika, hivyo kitalu lazima kiwe chini ya paa la nailoni nyeupe au kwenye baraza yenye mwanga mwingi.

Ukipanda kwenda juu, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000. Nairobi, Arusha na Lushoto huangukia kwenye aina za kati. Nairobi mwezi wa Julai, kwa mfano, usiku ni kama nyuzi 12 na mchana kama 22. Limuru, Kinangop na Njombe ni makao ya aina za baridi, na huko hofu yako si joto bali umande unaoganda alfajiri za Juni na Julai, unaoweza kuunguza kichwa kilichokaribia kuvunwa.

Kosa la kuchagua aina hujitokeza kwa sura mbili zinazopingana, na kulitambua kutakuokolea msimu unaofuata. Aina ya baridi ikipandwa kwenye joto hutoa majani makubwa, ya kupendeza, mwezi baada ya mwezi, wala haifungi kichwa, au hufunga kichwa chenye manyoya na vijani vidogo vinavyochomoza katikati ya weupe. Aina ya kitropiki ikipandwa milimani kwenye baridi, ubaridi huo huuhimiza mmea mdogo kufunga kichwa kabla ya wakati, ukapata kifungo. Kwa hiyo kwenye duka la pembejeo usiridhike na picha ya paketi. Soma siku za kukomaa na joto linalopendekezwa, na uliza kama aina hiyo imeuzwa na kuvunwa kwenye wilaya yako. Tazama pia tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa sababu mbegu iliyokaa sana huota kwa kusuasua, na huko kusuasua ndiko tunakokukwepa.

Siku thelathini za kitalu

Kitalu cha koliflawa kina lengo moja: mche usisimame kukua hata siku moja, tangu unapochomoza hadi unapoingia kwenye tuta. Trei ni bora kuliko tuta la kitalu kwa sababu mche hutoka na udongo wake bila mizizi kukatika, na trei yenye matundu makubwa ni bora kuliko yenye matundu madogo. Viriba vidogo au vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini vinafaa vilevile kwa bustani ya nyumbani, maana hapa unazungumzia miche 12 au 20, si 2,000.

1. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri, moja ya mboji iliyoiva na kuchekechwa, na moja ya mchanga. Udongo usitoke mahali palipokuwa na kabichi, sukuma au figili.
2. Sia mbegu kwa kina cha sentimita 1, moja kwa kila tundu. Kama huna trei, tumia tuta la kitalu lenye mistari iliyoachana sentimita 15, kisha punguza miche ibaki umbali wa sentimita 4 hivi kati ya mmoja na mwingine.
3. Funika kwa nyasi kavu au gunia lenye unyevu hadi mbegu zianze kuota, siku ya 4 hadi ya 7. Zikichomoza kiasi cha nusu, ondoa kifuniko siku hiyohiyo. Mche uliofunikwa siku mbili zaidi hurefuka, huinama, na hautengemai tena.
4. Mwagilia asubuhi, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Maji ya jioni yanayolala juu ya miche huleta kinyausi, ule ugonjwa unaokata shina usawa wa ardhi na kuangusha miche kwa mafungu.
5. Mche ukiwa na majani mawili halisi, anza kuulisha mara moja kwa wiki: kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK kwenye lita 5 za maji, au maji ya samadi yaliyozimuliwa hadi yawe na rangi ya chai nyepesi.
6. Wiki ya mwisho punguza kivuli kidogo kidogo hadi mche ukae juani kutwa. Usiunyime maji mpaka unyauke.
7. Hamisha kati ya siku ya 25 na ya 35, ukiwa na majani halisi 4 au 5, saa kumi jioni au siku ya mawingu.

Hatua ya 6 na ya 7 ndizo zinazopingwa zaidi, na wanaopinga wana sababu zao. Kuhusu hatua ya 6, wakulima wengi wamezoea kuikaza miche ya nyanya kwa kiu ili iwe migumu kabla ya kuhamishwa, na kwa nyanya njia hiyo haina madhara makubwa. Kwa koliflawa ni hatari, kwa sababu kiu ya siku nne au tano hufanya kilekile tulichokieleza mwanzoni: husimamisha majani huku umri ukienda. Jua na upepo vinatosha kuukomaza mche. Kuhusu hatua ya 7, wengi huamini kwamba mche mkubwa una nguvu zaidi, hukwepa sota (viwavi wakata-shina) na kuku, na huvunwa mapema. Ni kweli kwamba mche mkubwa hauliwi kirahisi. Lakini mche wa wiki saba kwenye tundu dogo la trei ni mzee, hata ukiwa mrefu. Mizizi imezunguka tundu na kukosa pa kwenda, chakula kimekwisha, na ubaridi wa usiku umekwisha kuanza kuuhesabia siku. Kwa habari ya sota, kuna kinga rahisi: zungushia shina ukanda wa karatasi ngumu au kipande cha kikombe cha plastiki, kiingie sentimita 2 ardhini na kubaki sentimita 4 juu. Kuku wanataka uzio.

*UKINUNUA MICHE BADALA YA KUOTESHA*
*Muulize muuzaji tarehe ya kusia, si urefu wa mche. Chomoa mmoja kwenye trei na utazame mizizi: iwe myeupe na ishike udongo, isiwe ya kahawia iliyojiviringisha. Kataa mche wenye shina la zambarau, majani ya chini ya njano, au kidoti cheupe kilichokwisha kuonekana katikati ya ncha. Mche wenye kidoti hicho hautakupa kitu hata ukipewa bure. Kataa pia trei nzima ukiona majani yenye doa la njano lililochongoka kutoka ukingoni kuelekea katikati.*

Udongo: chokaa, samadi na boroni

Tuta litayarishwe kabla ya miche kuwa tayari, si siku ya kuhamisha. Koliflawa hutaka udongo wenye pH ya 6.0 hadi 7.0. Kwenye milima yenye mvua nyingi na udongo mwekundu, pH mara nyingi huwa chini ya 5.5, na hapo mambo mawili hutokea. La kwanza, molibdeni hujifunga udongoni na mmea hushindwa kuipata. Dalili yake ni ya ajabu kidogo kwa asiyeijua: majani mapya hutoka membamba, yenye mshipa wa katikati na karibu bila ubapa, kama mjeledi. La pili, kimelea kinachovimbisha mizizi hupenda uchachu huo, na kikishaingia kwenye udongo hukaa miaka mingi. Dawa ya yote mawili ni chokaa ya kilimo, ichanganywe na udongo wiki nne au zaidi kabla ya kupanda. Pima kwanza. Vipimo vya pH si ghali, na afisa ugani anaweza kukuelekeza pa kupeleka udongo. Majivu ya jikoni husaidia kwa kiasi, ila yanyunyizwe kidogo kidogo, na yasiwekwe pamoja na samadi mbichi wala urea kwa kuwa huipeperusha naitrojeni hewani.

Weka debe moja la lita 20 la samadi iliyooza kwa kila mita 4 za mraba, ulichanganye kwenye sentimita 20 za juu. Kisha kuna boroni, ambayo wakulima wa nyumbani huisahau kwa sababu kabichi huvumilia upungufu wake. Koliflawa ni miongoni mwa mboga zenye njaa kubwa ya boroni. Ikikosa, kichwa hutoka na mabaka ya kahawia yenye uchungu, na ukikata shina unakuta tundu tupu lenye kuta za kahawia. Udongo wa kichanga na ule uliotiwa chokaa nyingi ndio hukosa zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha boraksi, kilichosawazishwa, ni kama gramu 4. Kiyeyushe kwenye lita 10 za maji na unyunyizie mita 4 za mraba za tuta kabla ya kupanda. Usizidishe, wala usirudie msimu huohuo. Kati ya kiasi kinachotosha na kinachoua pana nafasi ndogo, na maharage yatakayofuata kwenye tuta hilo ndiyo yatakayoumia kwanza. Kumbuka pia kwamba shina tupu lisilo na rangi ya kahawia husababishwa na mmea kukua haraka mno kwa naitrojeni nyingi. Hapo tatizo si boroni, na kichwa kinalika bila shida.

Kutoka mche hadi majani ishirini

Panda kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mimea, mche uingie hadi chini kidogo ya jani la kwanza. Kwa nafasi hiyo mita moja ya mraba inachukua mimea mitatu au minne, na kila mmea hutoa kichwa kimoja tu. Hapa ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote: kwa nini mwenye kiwanja kidogo apoteze miezi mitatu kwa vichwa vinne, wakati sukuma ingempa mboga kila wiki? Kama kiwanja ni cha mita mbili na watoto wanasubiri mboga ya jioni, sukuma itangulie, wala hakuna mjadala. Lakini nafasi kati ya mimea haiko bure wiki tano za kwanza. Saladi, mchicha na dania hukua na kuvunwa kabla majani ya koliflawa hayajakutana. Majani ya koliflawa yenyewe, yale machanga yanayozunguka kichwa, hukatwakatwa na kupikwa vilevile kama sukuma. Kwa hesabu hiyo tuta halijakaa tupu.

Wiki sita za kwanza baada ya kuhamisha ndizo za kutembelea tuta kila siku. Mmea hutaka milimita 25 hadi 40 za maji kwa wiki, yaani lita 25 hadi 40 kwa kila mita ya mraba, mvua ikihesabiwa humo. Usitegemee macho, maana uso wa udongo hukauka kwa saa mbili za jua huku chini kukiwa kumelowa, na pengine huonekana umelowa kwa manyunyu wakati mizizi ina kiu. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Ukihisi ukavu, mwagilia taratibu hadi maji yashuke sentimita 20. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba unene wa sentimita 5, ukiacha upana wa vidole vitatu kuzunguka shina. Mwambaoni matandazo haya yana kazi ya pili, nayo ni kupoza mizizi, jambo linalosaidia kichwa kisitoke na manyoya.

Naitrojeni ndiyo chakula cha majani, na majani ndiyo mtaji. Wiki ya pili au ya tatu baada ya kuhamisha, zungushia kila mmea kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN, sentimita 10 kutoka kwenye shina, kisha ufukie na kumwagilia. Rudia wiki ya tano au ya sita. Kuna wasiotaka mbolea ya dukani, na msimamo wao una haki yake, kwa kuwa samadi huujenga udongo kwa namna ambayo CAN haiwezi. Shida iko kwenye saa. Samadi ya ng'ombe huachia naitrojeni polepole, hasa kwenye udongo wa baridi wa milimani, na koliflawa huitaka yote ndani ya wiki chache. Anayetaka kutumia samadi pekee aongeze ya kuku iliyooza vizuri wiki mbili kabla ya kupanda, na awe na pipa la maji ya samadi la kumwagia kila wiki. Inawezekana, ila hutaka uangalifu zaidi. Katika njia zote mbili, kichwa kikishafikia ukubwa wa yai acha kuongeza naitrojeni. Majani hayaongezeki tena, na ziada hukifanya kichwa kiwe laini na kuoza upesi.

Wadudu, na kwa nini pampu isiwe jibu la kwanza

Adui mkubwa ni kiwavi mdogo wa kijani, asiyezidi sana sentimita 1, wa nondo mwenye alama za almasi mgongoni. Ukimgusa hujinyonganyonga kwa kurudi nyuma na kujiangusha kwa uzi. Hula upande wa chini wa jani na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga. Wengi hukimbilia pampu na dawa kali mara wanapoona tundu la kwanza. Historia ya mdudu huyu inatosha kumzuia mtu. Kisiwani Java, Indonesia, iliripotiwa mwaka 1953 kwamba DDT haimuui tena, na mwaka 1990 Hawaii ikaripotiwa kwamba ameanza kuizoea hata dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis. Dawa ileile ikipigwa mfululizo hubakiza wale wasiokufa, na hao ndio huzaana. Zaidi ya hapo, dawa kali huua marafiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilileta Kenya kutoka Taiwan nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, anayetaga mayai ndani ya kiwavi huyu, na akaachiwa kwenye maeneo ya kabichi ya milimani. Dawa isiyobagua hummaliza nyigu kwanza na kumwacha kiwavi bila mlinzi.

Kwa mimea 20 ya nyumbani, mikono na wavu vinatosha kwa sehemu kubwa. Funika tuta kwa chandarua safi kisicho na dawa tangu siku ya kuhamisha, kishikiliwe na matao ya fito, kingo zikifukiwa. Pasipo chandarua, geuza majani mara mbili kwa wiki na uponde mayai na viwavi. Vidukari vya kijivu vyenye unga kwenye majani ya katikati huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, kabla kichwa hakijatokea, kwani vikishaingia ndani ya kichwa havitoki. Ukilazimika kupiga dawa, tumia ya bakteria jioni, ilenge chini ya majani, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Ugonjwa wa kuogopa ni uozo mweusi: doa la njano la umbo la V kutoka ukingo wa jani, na mishipa iliyosawijika ndani yake. Huja na mbegu au na mabaki ya zamani, na husambazwa na matone ya maji. Hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea huo, uchome au uufukie mbali na bustani, na usipite kati ya mimea ikiwa bado na umande. Matone hayo ndiyo sababu ya kumwagilia kwenye udongo na si juu ya majani.

Kufunika na kuvuna

Wiki saba au nane baada ya kuhamisha kwa aina za mapema, na kumi au zaidi kwa za baridi, fungua majani ya katikati kwa vidole viwili kila baada ya siku mbili. Kichwa kikiwa na upana wa sentimita 5 hadi 8, kusanya majani marefu ya nje juu yake na uyafunge kwa kamba ya mgomba au uyavunje kidogo yalale. Jua hukifanya kichwa kiwe cha njano. Wapo wasemao ni kazi bure, na kwa lishe wana haki, kwa kuwa njano haidhuru. Lakini kichwa kilichopigwa jua huwa na ladha kali kidogo na sokoni hakina bei. Kuna aina zinazojifunika zenyewe, na hizo ziache. Funga majani yakiwa makavu, usikaze, maana joto na unyevu vikikwama humo huleta uozo. Mvua ikinyesha fungua yapumue.

Baada ya kufunga, kagua kila siku mbili kwenye joto na kila siku tatu milimani. Kichwa hukomaa ndani ya siku 7 hadi 12, kikiwa na upana wa sentimita 15 hadi 20, kimeshikamana, kizito mkononi. Dalili ya kuchelewa ni kingo kuanza kuachana, au uso laini kugeuka kuwa punjepunje kama wali. Ukiona hivyo vuna saa hiyohiyo, hata kama ni kidogo kuliko ulivyotaka. Hakitaongezeka, kitafumuka. Kata asubuhi kwa kisu kikali, ukibakisha majani manne au matano ya kukikinga. Ndani ya nyumba hukaa siku mbili au tatu, kwenye jokofu wiki moja au zaidi kikiwa ndani ya mfuko uliotobolewa. Kabla ya kupika, kiloweke dakika 20 kwenye maji ya chumvi, kichwa chini, viwavi waliojificha waelee.

Kwa familia, usihamishe miche yote siku moja, maana vichwa 12 vitaiva wiki moja. Sia mbegu sita, kisha sita nyingine baada ya wiki mbili, ilimradi zote zifunge kichwa ndani ya dirisha la baridi la mahali pako. Mmea uliovunwa hautoi kichwa cha pili kama brokoli, hivyo ung'oe na mizizi yake uitazame. Kama ni safi, majani na shina viende kwenye mboji. Kama imevimba, usivipeleke. Usihangaike kutunza mbegu kutoka kwenye mmea uliochanua, kwa sababu huchavushwa na sukuma na kabichi za jirani na kizazi chake hakitabiriki. Tuta hilo lipe maharage au kunde, kisha nyanya au karoti, na lisione mmea wa jamii ya kabichi kwa miaka mitatu, figili na haradali zikiwemo. Na ile sukuma iliyosimama karibu na uzio mwaka wa pili sasa, ikiwa majani yake ya chini yana doa la V au vidukari, ing'oe kabla hujasia mbegu nyingine.